Juji Anakula Akitazama Barabara

Asubuhi ile Mama Consolate aliponda sombe, majani ya muhogo, kama vile imemutukana yeye na ukoo wake wote.

"Leo," alisema, na muchi ukashuka. "Leo huyu mwanaume wako." Muchi tena. "Atanitazama machoni."

"Mama, si mwanaume wangu," Virginie akajibu.

"Si wako? Basi hiyo poda umejipaka kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya ndagala?"

Virginie akainamia ungo wa ndagala, samaki wale wadogo wa ziwa, akajifanya anatoa mawe. Poda ilikuwepo, hakuna wa kubisha. Na kitambaa kipya cha kichwa kilikuwepo. Na moyo wake ulikuwa unaenda mbio tangu alfajiri, sababu alijua mama yake akiamua jambo, hata treni inapisha.

Restora yao ilikuwa Kalemie, mutaa wa Kataki, pembeni ya barabara inayoteremuka bandarini. Ndani meza chache na feni moja yenye kelele, inje benchi chini ya veranda, na kati ya meza na jiko rido, pazia ya maua, ambayo Mama Consolate aliifungua akiwa na furaha na kuifunga akiwa na hasira. Watu waliiita Kwa Mama Conso. Mama mwenyewe alitoka kule Moba, kwenye milima ya kando ya ziwa, akaolewa Kalemie na fundi wa reli, na fundi alipofariki, chungu za kupikia njo zilimulea mutoto. Kwa hiyo ukigusa chungu za Mama Consolate, umegusa marehemu, umegusa mutoto, umegusa kila kitu.

Sasa huyo mwanaume.

Wenye restora za Kalemie wanaogopa vitu viwili: mvua ya saa sita muchana, na Élysée. Mvua inapita. Élysée alikuwa kijana wa kuhesabu magunia bandarini, murefu, mwenye kucheka kwanza kwa macho halafu kwa mudomo, lakini mutaa muzima ulimuita Juji. Kila Jumapili baada ya misa alituma odio kwenye kikundi cha wasapu, na watu walizima redio wamusikilize. Wiki nzima alikuwa amezunguka jioni kwenye restora ndogondogo, kuanzia stesheni mpaka karibu na daraja la Lukuga, amekula, na sasa anahukumu.

"Ndagala ya pale nyuma ya stesheni," alisema siku moja, "imekufa mara mbili, ndugu zangu. Mara ya kwanza ziwani, mara ya pili kwenye mafuta yaliyobaki tangu Noeli." Na kwa mama mwingine: "Ile sombe haikupondwa. Iliogopeshwa tu." Mwenye sombe alilia, akanuna, akanunua muchi mupya, na Juji aliporudi akamusifu mpaka wateja wakapigania viti.

Basi, huyu Juji, saa sita ya muchana alikula kwa Mama Conso. Kila siku ya kazi, jua au matope. Na juu ya chakula cha Mama Conso hakuwahi kusema neno. Wala zuri wala baya. Kimya kama samaki.

Tena kulikuwa na jambo la mugongo.

"Anakuja," Mama Consolate alilalamika, akimwaga sombe kwenye sufuria. "Ananisalimia akiangalia viatu vyake. Ndani meza iko, feni iko, anakataa. Anakaa inje kwenye benchi, anatupatia mugongo, anakula akitazama barabara. Nikitoka kidogo kuona kama bugali imetosha, anaacha kula. Anaacha, Vivi. Mukono unaganda kwenye sahani, anashika telefone. Nikirudi jikoni anaendelea. Kwani miye niko nzi?"

"Labda anapendaka kutazama ziwa."

"Ziwa iko upande mwingine."

Virginie akatupa macho barabarani. Kweli, ziwa lilikuwa upande mwingine. Kule alikokuwa anatazama Élysée kulikuwa na duka la misumari na mbuzi mumoja wa jirani.

"Na Jumapili hii," mama akaendelea, na hapa sauti ikashuka, ikawa ya maumivu kuliko ya hasira, "amemusifu Olga. Eti bugali ya Olga ukiikata inatoa moshi, ukiifinyanga inatii. Miye njo nilimufundisha Olga kusonga bugali. Jana wateja wangu nusu wamehamia kwake. Huyu mutoto anakulaka kwangu, anamusifia Olga."

"Mama, yeye anachekeshaka tu."

Mama Consolate akaweka mwiko chini. Akamushika binti yake kidevu, kama alivyofanya akiwa mudogo mwenye homa.

"Vivi. Miye si kipofu. Naona vile unamuwekea kichwa ya samaki. Namuona na yeye, maji ya kunawa anayaombaka mara mbilimbili. Sikukatazi kupenda. Lakini mutoto wangu mumoja siwezi kumupa muntu ambaye chakula yangu inamuchefua. Leo ananigeuzia miye mugongo, kesho utapika wewe, utaolewa na mugongo. Kwa hiyo leo atakaa ndani, meza ya mbele, macho yake na macho yangu. Atakula, atasema. Akikataa, asikanyage tena hapa. Na wewe utamusahau."

Akarudi kwenye sufuria. Virginie akabaki na kidevu chake kikiwa kinamuwaka.

*

Kumusahau. Kama vile muntu anasahau kuzima jiko.

Angesahau nini kwanza? Zile mizaha? Siku ile alipomuambia Papa Hippolyte, muzee wa reli anayekula hapo tangu alipostaafu, kwamba samaki mwenye jicho kubwa la kushoto ametoka Kigoma, aulizwe pasipoti kwanza, na muzee akamugeuza samaki wake mara sijui ngapi akitafuta jicho? Au angesahau maji? Maana kila muchana Virginie alitoka na birika na beseni, akamumwagia Élysée mikono, na kila muchana Élysée alitazama vidole vyake kwa uso wa serye kabisa, bila kucheka, akasema, "Maji kidogo tena, Patrone, bosi wangu. Kuna kidole kimoja kimebaki." Na hapo, maji yakishuka taratibu, alikuwa anainua macho. Mara moja tu. Virginie aliishi na mara hiyo moja mpaka kesho yake.

Lakini kusema, hakuwahi kusema. Na hilo lilimuuma kimyakimya. Muntu mwenye maneno ya kuhukumu ndagala wa Kalemie nzima, anakosaje neno kwa ajili yake?

Saa sita ikafika, Élysée akafika nayo, shati lina vumbi la unga, kichwa kimeinama. Virginie akamukuta kwenye ngazi ya veranda kabla hajakaa.

"Jambo, Patrone. Leo umevaa kitambaa kipya. Nani anaoa?"

"Usikae hapo."

"Benchi imevunjika?"

"Mama ameweka meza yako ndani. Ya mbele. Anataka ule mbele yake."

Kicheko kikatoka kwenye macho ya Élysée kama taa inapokatika. Virginie hakuwahi kumuona hivyo. Muntu aliyetania polisi wa barabarani, leo ameshika nguzo ya veranda.

"Ndani," akasema. "Mbele yake yeye mwenyewe?"

"Ule, useme kama ni nzuri ao ni mbaya. Ukikataa, usirudi."

"Muambie tumbo inaniuma."

"Élysée."

"Muambie nimefunga. Muambie ni Kwaresima."

"Kwaresima imepita. Élysée, miye sichekake leo." Akamuzibia njia ya benchi. "Niambie ukweli. Chakula yetu inakuchefua?"

"Inanichefua?" Akamutazama kama aliyepigwa kofi. "Virginie, ile sombe ya mama yako, nikirudi kazini naisikia mukononi mpaka usiku. Sinawi na sabuni."

"Basi ingia useme hivyo. Ni maneno mangapi hayo?"

"Siwezi."

"Olga unaweza. Miye na mama hapana."

"Olga si..." Akatazama mbuzi wa jirani, kama vile mbuzi angemusaidia. "Sikia. Nilikuwa nangoja kitu. Nilitaka kwanza nikuulize neno moja, lakini kila siku nikikuona neno linageuka muchezo. Leo pia. Kama nikikuuliza sasa hivi, hapa kwenye ngazi..."

"Vivi!" Rido ikafunguka kwa nguvu. "Muingize mugeni, chakula inapoa."

*

Mama Consolate alikuwa amepika kama vile askofu anapita. Kuhe muzima, samaki wa ziwa mukubwa kupita sahani, muchuzi mwekundu wa nyanya ukimuzunguka, sombe yenye mawese inayong'aa, mboga ya lengalenga, pilipili pembeni, na bugali ya muhogo iliyosongwa mpaka imekuwa laini kama shavu. Virginie, aliyezaliwa ndani ya harufu hizo, alimeza mate. Papa Hippolyte kwenye meza ya pembeni aliacha kutafuna yake, akamutazama kuhe wa mwenzake kwa huzuni.

Élysée akakaa kwenye ncha ya kiti. Virginie akaleta birika, akamumwagia maji. Hakuomba ya pili.

Mama Consolate akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya kitenge, macho mbele.

"Kula, mwanangu."

Élysée akatazama bugali. Mukono wake ukaenda mpaka karibu na sahani, ukasimama.

"Juji," Mama Consolate akasema polepole, "umehukumu mutaa muzima. Hata yule anayechoma mihogo kwenye daraja umemuhukumu. Miye nakupikia, sijui tangu lini, unakula umenipa mugongo. Kama chakula yangu ni mbaya, sema hapa mbele ya hawa watu. Nitakufa? Sitakufa. Nitarekebisha. Lakini usinidharau ndani ya nyumba yangu."

Hakuna aliyetafuna. Virginie alisimama na birika mukononi, akimuomba Mungu jambo dogo tu: tonge moja. Achukue tonge moja, aseme nzuri, kisha wote waishi.

Élysée akasimama.

Alisimama taratibu, akarudisha kiti vizuri chini ya meza, akarudi nyuma mpaka mugongo wake ukagusa ukuta. Macho chini kabisa.

"Mama, unisamehe. Siwezi."

Birika likawa zito mukononi mwa Virginie. Basi imekwisha, akawaza. Imekwisha kwa sababu ya kuhe.

"Huwezi," Mama Consolate akasema.

"Nikikula mbele yako, Mama, nitabaki muteja." Sauti ya Élysée ilikuwa ndogo, sauti ambayo haikuwahi kuingia kwenye odio yoyote. "Na miye sitaki kubaki muteja. Nililelewa na bibi yangu, kule Moba. Bibi alinifundisha kwamba kuna mama mumoja duniani ambaye mwanaume hawezi kula mbele yake, hata njaa imuue. Na chungu ya huyo mama haihukumiwi, wala kwa kusifu. Nilipomuona Virginie mara ya kwanza, ndani ya moyo yangu nilikuwa nimeshachagua huyo mama ni nani. Tangu ile siku nakaa inje. Ukitoka, naacha kula. Ningeacha kuja kabisa, ningemuona wapi? Najua nimekosea. Wakubwa njo walipaswa kutangulia. Nimemutumia mujomba ujumbe, anakuja na boti ya Moba. Nilitaka kwanza nimuulize Virginie mwenyewe, lakini... nilikuwa naogopa."

Kijiko cha Papa Hippolyte kikaanguka chini, na muzee hakukiokota.

Virginie hakusikia kijiko. Alikuwa anaona kitu kingine: yeye mutoto mudogo, likizo ya kwenda Moba, na baba yake ameketi nyuma ya nyumba ya bibi, mama ya Mama Consolate, peke yake kati ya kuku, sahani kwenye magoti. Alidhani siku ile baba na bibi wamegombana. Alikuwa amemupelekea ndizi, ili asiwe na huzuni, na baba akacheka, akamuambia hapa njo mahali pa heshima, mutoto wangu, hapa njo nimekaa kwenye kiti ya mbele.

Kumbe.

Akamugeukia mama yake. Mama Consolate alikuwa bado ameketi, mudomo umefunguka nusu, akimutazama yule kijana kama anayemuona kwa mara ya kwanza. Kisha akavuta kitenge chake cha begani, akajifunika kichwa mpaka paji la uso, akaondoka mezani akigeuza uso pembeni, akapita haraka jikoni. Rido ikafungwa.

"Ameudhika," Élysée akanong'ona. "Virginie, nimeharibu."

"Nyamaza, kijana," Papa Hippolyte akasema. Macho ya muzee yalikuwa yamelowa. "Mwanamuke wa Moba akijifunika hivyo mbele ya mukwe wake, si kuudhika. Wewe umemukimbia macho, na yeye amekukimbia. Mumeshalingana."

Nyuma ya rido pua ikapengwa, kisha sauti.

"Vivi."

"Mama."

"Muambie huyo muntu samaki inapoa."

Virginie akamugeukia Élysée, aliyesimama hapo hapo na masikio yake yote mawili. "Mama anasema samaki inapoa."

"Muambie Mama nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Muambie achukue sahani yake aende kwenye benchi. Barabara haijahama."

"Élysée, Mama anasema..."

"Naenda."

"Na muulize huyo mujomba anafika lini."

"Muambie Mama, boti ikitoka salama, Alhamisi."

"Mama, anasema Alha..."

"Nimesikia," Mama Consolate akakata, kisha akakumbuka heshima mupya iliyomuangukia. "Yaani, wewe niambie tu."

"Alhamisi, Mama."

"Mm. Na muambie, kama siku zote hizi alikuwa analinda bukwe, heshima ya wakwe, angalau angenitupia alama. Nimemutukana mbele ya Olga na wateja wake. Sasa nitapita wapi?"

Hapo Papa Hippolyte akacheka mpaka akakohoa, na wateja wengine wakacheka naye, na restora ikaanza tena kutafuna.

*

Élysée alikaa kwenye benchi, kuhe kwenye magoti, akitazama duka la misumari. Hakuwa ameanza kula. Virginie akatoka na birika, akasimama mbele yake, akamuzibia mbuzi.

"Umemuambia mama yangu. Umemuambia Papa Hippolyte. Umeambia wale madereva wawili wa pikipiki pale ndani ambao siwajui. Miye hujaniuliza."

"Nilikuuliza kila siku."

"Lini?"

"Wakati wa maji. Mikono yangu ni safi tangu bandarini, Patrone. Kule kuna bomba. Ninanawa, ninakuja hapa nanawa tena, halafu naomba tena. Wewe ulidhani ni uchafu?"

"Nilidhani ni muchezo."

"Ni muchezo pia," akakubali. "Miye nikiondoa muchezo, ninabaki mudogo sana. Umeona pale ndani nilivyokuwa mudogo."

Virginie alikuwa ameona. Alitaka kumuambia kwamba yule mudogo wa pale ukutani, macho chini, sauti imekauka, njo aliyemushika moyo kuliko Juji wa odio zote. Lakini maneno kama hayo si ya kusema barabarani saa saba muchana, na madereva wa pikipiki wanasikiliza.

"Mama yangu anaweza kukukubali, miye nikakataa," akasema.

"Najua."

"Mujomba yako anaweza kufika na boti nzima ya mbuzi, miye nikakataa."

"Najua, Virginie." Hakumuita Patrone. Kicheko hakikuwepo hata kwenye macho. "Njo maana samaki hainipiti kooni."

Akamutazama. Shati lenye unga, sahani ambayo haijaguswa juu ya magoti. Kisha akainua birika.

"Leo ni kidole gani kimebaki?"

Élysée hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alitazama mukono wake wa kushoto kama vile ni wa muntu mwingine, akafunga vidole vyote, akanyoosha kimoja. Cha pete.

Virginie akakimwagia maji. Taratibu, mpaka birika likawa tupu, mpaka viatu vyake vikalowa. Kisha akakishika kile kidole, akakikausha na ncha ya kitenge chake, na hakukiachia haraka.

"Sasa kula," akasema. "Na ukiacha hata mufupa wenye nyama, namuita mama atoke."

Akala. Akala akitazama barabara, mugongo kwa jiko, na Virginie akakaa pembeni yake kwenye benchi, bega karibu na bega, wakiangalia misumari na mbuzi kama vile ni harusi ya mufalme.

Baadaye akaingiza sahani jikoni. Mama Consolate alikuwa kwenye kigoda, kitenge bado kichwani, macho mekundu, anajifanya ni moshi. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Muchuzi ulikuwa umefutwa na bugali mpaka maua yaliyochorwa chini yalionekana. Mifupa ya kuhe ilipangwa pembeni, myeupe, imesafishwa. Hata jicho hakuacha.

Mama akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ile odio ya Olga ilikuwa ndefu namna gani?" akauliza.

"Fupi tu, Mama."

"Mm." Akaiweka sahani juu ya rafu, bila kuiosha, mahali ambapo atakayeingia ataiona. "Basi Alhamisi nenda sokoni mapema. Mujomba yeye hakatazwi. Yeye atakaa pale meza ya mbele, atakula ananitazama, na atasema."